Mita Sita Zilizopungua

4 Machi

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, vigae vinakaa mahali pake na msimamizi wenu amepunguza kelele. Sisi huku tupo. Mama anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua asubuhi, mchana yanatulia. Macho ndiyo hayatulii, sasa hata uzi hawezi kunitungia, na barua zako namsomea mimi. Cherehani yangu imepata mkanda mpya. Bado naenda darasa la watu wazima kila Jumamosi. Mwaka huu nafanya mtihani, na mwalimu wa hesabu anasema nikipunguza kubishana nitafaulu.

Sasa lililonikalisha na kalamu. Ofisi ya ardhi imetangaza kwamba mtaa wetu wote utapimwa na kila mwenye kiwanja atapewa hati. Wapimaji watafika kwetu tarehe 20 Juni. Ila kuna sharti. Kiwanja kisichofika mita za mraba mia moja na hamsini hakipati hati yake. Kinaunganishwa na cha jirani, na hati inaandikwa jina la huyo jirani. Jirani wa mama ni wewe, Mjomba.

Darasani tumefika kwenye maumbo yaliyounganika. Mwalimu anasema umbo lolote la ajabu unalikata vipande unavyovijua, unatafuta eneo la kila kipande, kisha unajumlisha. Nikaona kumbe hii ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nikachukua tepu yangu nikapima kipande cha mama. Kuna mstatili wa mita ishirini kwa sita, hapo penye nyumba na jiko. Mwishoni, pale barabara inapokata upande, kuna pembetatu: kitako mita nane, kimo mita sita. Mstatili ni 120. Pembetatu ni nusu ya nane mara sita, yaani 24. Jumla 144. Zimepungua sita.

Chako ni mraba, kumi na sita kwa kumi na sita. Ni 256.

Najua ni wewe uliyegawa babu alipofariki, na kila mtu aliridhika. Hilo siligusi. Naomba tu barua yenye sahihi yako kwamba unakubali mpaka usogee, iwahi kabla ya wapimaji. Simu ya dukani haifai kwa mambo haya, watu wote wanatega masikio, na ofisi inataka karatasi. Barua inachukua wiki tatu njiani. Usikawie.

Mpwa wako


2 Aprili

Mpwa wangu, fundi wa mafundi,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Mimi ni mzima kama chuma cha reli. Tunatandika ukumbi wa hoteli ambayo choo chake tu kinaingiza nyumba yetu mara mbili na nafasi ya kuanikia nguo ikabaki. Juzi mwenye hoteli kapita, kasimama juu ya kazi yangu, kajiona uso wake sakafuni, kaanza kurekebisha tai. Nikamwambia bosi, hata ukitaka kunyoa ndevu karibu, hapa hatutozi. Akacheka mpaka mlinzi wake akaogopa. Hapa wananiita Profesa, na mtu akikwama kwenye kona anaambiwa nenda kamuulize Profesa.

Mwambie dada aweke miguu kwenye maji ya moto yenye chumvi. Na huo mkanda wa cherehani usiukaze sana, utakatika kama ule wa kwanza.

Kuhusu hayo ya kiwanja, umenichekesha. Mimi nilipima kwa kamba, mtoto wewe ulikuwa unacheza na vifuniko vya soda. Kamba moja, mita sitini na nne. Niliizungusha kwangu, fundo likakutana na fundo. Nikaizungusha kwa dada, fundo likakutana na fundo. Mama yako mwenyewe alishika ncha. Chukua hizo namba zako: ishirini, ishirini na nane, kumi ya ule mshazari, na sita. Si sitini na nne hizo? Na kumi na sita mara nne? Sasa wewe unaniletea tepu ya kupimia viuno vya watu unataka kuniangusha mimi niliyetandika viwanja vya ndege viwili.

Hao wapimaji ni watu kama sisi. Wape viti, wape maji baridi, watapima vizuri. Usimchoshe mama yako na namba.

Mjomba wako, Profesa


25 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika na mama amecheka sana kwa habari ya tai. Aliniomba nirudie. Maji ya chumvi anaweka, anasema yanasaidia, nadhani anasema hivyo kwa sababu yametoka kwako. Jirani wa ng'ambo ya barabara amezaa mapacha na mtaa mzima hatulali.

Mjomba, hivyo viuno ndivyo vilivyonifundisha. Mteja mwembamba mrefu na mteja mfupi mnene naweza kuwazungushia tepu ikaleta namba moja, lakini nikiwakatia kitambaa sawa mmoja atatoka uchi. Ulichopima kwa kamba mwalimu anakiita mzingo. Hati inaandikwa kwa eneo. Ni vitu viwili.

Sikutaka unione nakufundisha, kwa hiyo nimefanya kwa mikono. Nilikata uzi wa sentimita sitini na nne, nikaunganisha ncha. Nikautandaza mezani umbo la kiwanja chako, nikajaza vifungo vya shati ndani, kopo zima likaingia. Nikauvuta uzi ule ule uwe umbo la kwa mama, mwembamba na mkia wake wa pembetatu. Karibu nusu ya vifungo vilikosa pa kukaa. Uzi huo nimekufungia humu ndani. Jaribu mwenyewe, kwa vipande vya vigae au chochote.

Mama aliingia akanikuta navyo. Alipapasa meza, akashika vifungo vilivyobaki, akauliza ni vya nini. Nikamweleza. Akasema, "Mdogo wangu alipima. Acha." Akatoka kwenda kufagia uani palipokwisha fagiwa.

Hatutaki nusu ya kiwanja chako. Zikipatikana hizo sita mama anabaki na nyumba yake kwa jina lake. Mpaka ukisogea sentimita thelathini na nane tu zinatimia. Nijibu hili, Mjomba, mengine utanisimulia baadaye.

Mpwa wako


19 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Uzi umefika. Nimechelewa kwa sababu boksi la vigae limeniangukia kidole gumba cha mguu, kimekuwa kama bilinganya, natembea kwa kisigino kama bibi harusi aliyeazimwa viatu. Hongera kwa hao mapacha, waambie wazazi wasinunue saa.

Hoteli inakwisha, tunahamia jengo jingine. Kazi ni nyingi, na vijana wa siku hizi hawajui hata kuchanganya saruji.

Hilo lako nimelisikia. Mwisho wa mwaka nitakuja na kile kifaa cha mwanga mwekundu kinachopima chenyewe, tutakaa tulimalize kifamilia.

Hivi, dada alisema nini hasa ulipomweleza? Niandikie neno kwa neno. Alikasirika? Alikaa kimya? Aliuliza lolote juu yangu?

Mjomba wako


10 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Pole ya kidole.

Mwisho wa mwaka hautusaidii. Zimebaki siku kumi. Mama amefua mapazia kwa ajili ya wapimaji na amenituma ninunue kitasa kipya cha mlango, ili wakifika wakute nyumba ya mtu.

Alichosema nilishakuandikia neno kwa neno. Hakuna kingine.

Mpwa wako


14 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Sijui kama barua hii itawahi. Najua siku zimeniponyoka, na mimi ndiye niliyezifungulia mlango.

Ndani utakuta karatasi yenye sahihi yangu na muhuri wa wakili mmoja hapa. Imeandika mpaka usogee mita tatu na nusu kuingia kwangu, urefu wote wa mita kumi na sita. Ni mita za mraba hamsini na sita. Dada anapata mia mbili, mimi mia mbili. Sita ni sadaka, mpwa wangu. Hamsini na sita ndiyo haki yake.

Unaona nimepiga hesabu haraka. Sikuhitaji uzi wako. Kurasa mbili zinazofuata ni zako peke yako, usimsomee dada.

Nilipokuwa na miaka miwili kazini nilipewa kuagiza vigae vya ukumbi na korido. Ukumbi ulikuwa kumi kwa kumi. Korido kumi na nane kwa mbili. Nikatoa kamba yangu, nikazunguka ukumbi: arobaini. Nikazunguka korido: arobaini. Nikaagiza maboksi sawa kwa sawa na nikamwambia msimamizi apumzike, kazi iko kwa mwanamume. Korido ilipoisha, vigae vya mita za mraba sitini na nne vilikuwa vimekaa pale vinanitazama. Hakunifukuza. Aliniamuru niyarudishe maboksi kwa mgongo wangu, ghorofa tano kushuka, na kila nikipita wenzangu wanapiga makofi. Hilo jina la Profesa lilitoka siku ile. Sikuwahi kuwaambieni.

Ghorofa ya tatu niliweka boksi chini nikakaa juu yake. Niliona ile kamba, na ncha yake mkononi mwa dada, ananiambia vuta taratibu usijikwae. Nikajua nimemfanyia nini. Ni miaka tisa sasa.

Kila mwaka nilisema nitaandika. Nitaanzaje? Nilishajisifu kote kwamba mimi niligawa urithi wa baba bila ugomvi hata wa dakika moja. Yeye alinibeba mgongoni mpaka nikaanza shule. Nilisubiri, na kusubiri kukawa tabia. Ulipoandika mwezi wa tatu nilijifanya sielewi, maana nimezoea.

Usimwambie miaka tisa. Mwambie nimekubali, basi.

Mjomba wako


8 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilifika tarehe 5. Wapimaji walifika tarehe 20, kama walivyosema.

Walikuwa watatu, na chombo cha miguu mitatu. Walikata kiwanja cha mama kwenye karatasi kama nilivyokata mimi, mstatili na pembetatu, wakapata 144. Mkubwa wao alikuwa mpole. Alimweleza mama maana yake, kisha akauliza mbele ya majirani kama ana pingamizi juu ya mgawo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mama akanishika kifundo cha mkono, akasema, "Mdogo wangu alipima na mimi nilishika kamba. Siwezi kumpinga mbele za watu naye hayupo." Akaomba wino akaweka dole gumba.

Kwa hiyo hati inaandikwa jina lako, yote mia nne. Hongera, Mjomba.

Tangu siku hiyo nguzo ya jiko imeinama na hataki isimikwe upya. Nilileta fundi, akamrudisha. Aliniambia nikuandikie kwanza niulize kama unaruhusu. Nilidhani ananitania. Hatanii.

Ofisi inaruhusu kurekebisha ndani ya siku tisini, mwisho tarehe 18 Septemba. Karatasi yako inatosha kwa upande wako, lakini mpokeaji lazima aende mwenyewe. Nikamsomea barua yako nikifurahi. Nilipofika zile kurasa mbili nikaruka. Mama haoni vizuri, ila masikio yake unayajua. Akasema, "Umefunua karatasi mbili kwa mpigo." Nikakunja barua. Akaisogeza chai kando, halafu akaniambia nikuandikie haya:

"Kama alikosea, kosa ni la sote wawili, tulishika kamba moja. Nitakwenda ofisini nikarekebishe. Kama alijua akanyamaza, huyo alinichukulia changu. Cha kurudishiwa kwa sababu mtu ameshikwa mimi sikipokei. Nitahama nimwachie. Aniandikie mwenyewe alijua lini."

Anasema atahamia kwangu. Chumba changu cha kupanga unakijua: cherehani, meza ya kukatia, kitanda kimoja. Ameshaanza kuuliza meza inaweza kukunjwa.

Sijamwambia kitu. Na mimi sikuambii uandike nini. Nimekuwa na hasira nawe wiki nzima mpaka nimeharibu sare za watoto wawili wa shule. Lakini nyumba ile ndiyo pekee ambayo mama anatembea bila kushika ukuta.

Mpwa wako


30 Julai

Mpwa, msomee yote. Usiruke ukurasa.

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamekubali ile chumvi. Kidole changu kimepona, kucha imeanguka, nyingine inachungulia.

Umeuliza nilijua lini. Nilijua mwezi wa tano mwaka huu, uzi wa binti yako ulipofika. Kabla ya hapo, Dada, sikujua.

Wewe unanijua kwa maneno. Nimewaambia huko nyumbani kwamba mimi ni bingwa, kwamba wahandisi wananiuliza. Haikuwa kweli. Miaka kumi na moja hii kazi yangu ni kupaka saruji, kulaza kigae na kugonga kwa nyundo ya mpira. Hesabu wanapiga wenye shule. Maboksi yanakuja yamehesabiwa, na mimi nikimaliza naulizwa tu kama yamebaki mangapi. Mtu anaweza kutandika sakafu maisha yake yote asijue ukubwa wake, na mtu huyo ni mimi.

Uzi ulipofika nilifunga mlango nikaujaza kokoto. Nilijaza mara nne nikidhani mtoto amenifanyia mazingaombwe. Kokoto zilikataa. Hapo ndipo nilipoona kwamba kamba ile tuliyoshika ilipima ukingo, haikupima ardhi. Badala ya kusema, nikaanza kuleta mizaha, maana niliona aibu mpwa wangu wa cherehani anijue kuwa sijui. Huko kuchelewa ndilo kosa langu, na ndilo lililokuwekea wino kidoleni. Nisamehe hilo.

Kurasa alizoruka ni hizo. Nilimwandikia kwamba hata kutafuta nusu ya nane mara sita niliomba kusaidiwa na kijana wa stoo, nikamwomba asikusomee. Sasa nakuambia mwenyewe. Ukitaka waambie majirani pia, na yule mwenye duka niliyekuwa namchambua kwa kutojua chenji. Waambie mdogo wako ni mbumbumbu wa hesabu na alikuwa hivyo siku zote.

Tulishika kamba moja, Dada, kama ulivyosema. Nenda ukarekebishe. Na nguzo ya jiko usimike leo, hilo si la kuniuliza mimi.

Mdogo wako


26 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Mapacha wameanza kulala, na mimi nimepata tarehe ya mtihani, ni mwezi wa kumi.

Barua yako nilimsomea mama tarehe 20, mchana, mlango ukiwa wazi. Nilisoma yote. Hakucheka popote, hata pale pa kokoto. Nilipomaliza akaniomba nirudie sehemu moja, pale uliposema hukujua. Nikarudia. Akaomba mara ya tatu. Akakaa na mikono mapajani, kisha akasema, "Tangu aanze kuongea sijamsikia akisema kuna kitu hakijui."

Akaniambia nimletee viatu.

Ofisini tulisubiri saa mbili kwenye benchi. Karani alimsomea karatasi yako, akamuuliza kama anakubali kwamba mgawo wa kwanza ulikuwa kosa la vipimo. Mama alipapasa ukingo wa karatasi mpaka karani akarudia swali kwa sauti, akidhani hasikii. Akasema, "Andika kosa." Akaweka dole. Wapimaji walisogeza mawe ya mpaka kesho yake: mita tatu na nusu, kumi na sita urefu. Yeye mia mbili, wewe mia mbili. Hati yake itatoka mwezi ujao, kwa jina lake.

Nguzo imesimama. Fundi yule yule alipomaliza jiko, mama alimwambia abaki aweke uzio kwenye mpaka mpya, mwanzo mpaka mwisho. Unajua hapo hapajawahi kuwa na kitu, tulikuwa tunapita tu kuanika nguo kwako. Fundi aliuliza kama aache mlango katikati. Mama alipapasa kamba aliyoifunga fundi, akatembea nayo mpaka kwenye pembe ya barabara, akarudi. Akasema aache nafasi ya mlango. Mlango wenyewe utawekwa baadaye.

Nilimuuliza kama nikupe salamu. Akasema nikueleze kuhusu nafasi hiyo.

Mpwa wako